Yuko Advance

Jumatatu, 14 Aprili 2025. Musoma, kisha Bunda

Majibu ya vipimo vya mke wangu yamefika kutoka Mwanza. Daktari aliniita nje ya wodi, pale kwenye korido karibu na sinki. Kijana mdogo, ningeweza kumfundisha. Nesi alikuwa amemwambia mimi ni mwalimu wa Kiingereza, basi akaniporomoshea yote kwa Kiingereza, nadhani ndiyo heshima yenyewe. Mass kwenye kongosho. Imeshafika kwenye ini. Advanced. Progressive. Hakuna cha kupasua. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili, akasema pole sana mwalimu, halafu akauliza: mgonjwa aambiwe na yeye au na mimi?

Nikasema na mimi.

Kwa nini nilisema hivyo? Mjinga kabisa! Angemwambia yeye leo, saa hizi tungekuwa tunalia wote wawili na mambo yako wazi.

Nikarudi kitandani. Wegesa alikuwa ameketi, macho ya njano, amejifunga kanga kichwani vizuri kama anayesubiri wageni. Akauliza wamesemaje. Nikasema bado wanajadiliana. Hakubishana. Akaniagiza nimpigie matroni wa Naomi kule Tabora, mtoto aombewe ruhusa aje amwone kabla ya mtihani wa form six. Mtihani unaanza Jumatatu ya tarehe tano mwezi ujao, kwa hiyo nafasi ipo. Akasema haogopi kitu, amemkumbuka mwanae tu.

Nimempigia matroni hapo hapo. Mama mwelewa yule. Amesema Naomi atasaini ruhusa, aondoke Jumamosi.

Nimerudi Bunda jioni. Nyumba imenyamaza mpaka inakera. Beseni lake la dagaa liko jikoni limefunikwa vile vile alivyoliacha. Nimeshindwa kulisogeza. Roho inaniuma, inaniuma jamani.

Jumatano, 16 Aprili. Musoma

Niandike hili kabla sijajidanganya kuhusu lilivyotokea.

Wake za wenzangu wanaombaga vitenge. Wangu anaombaga maneno. Tangu tumeoana. Darasa la saba, muuza dagaa soko la Bunda, lakini akisikia neno la Kiingereza redioni au kwa wateja, analishikilia kutwa nzima mpaka nirudi shuleni. Baba Naomi, hili maana yake nini? Nikimpa maana anafurahi, kesho yake anaenda kumwaga sokoni. Wenzake wanamwitaga Dikshenari.

Sasa leo asubuhi daktari amepita raundi na wanafunzi wake, wakasimama miguuni pake wakaongea kimombo chao. Wegesa amelala pale kimya, amefumba macho, kumbe anaokota. Nilipofika saa ya kuona wagonjwa akaniambia ana mzigo wangu.

La kwanza, "masi."

Nikasema masi ni Misa. Si uongo! Mass ni Misa, nenda popote.

Akasema basi huyo daktari ni Mkatoliki, maana alikuwa anambonyeza tumbo huku anasema masi ni tenda. Na tenda anaijua mwenyewe, tenda za halmashauri. Akauliza kwa hiyo siku hizi Misa inatangazwa tenda, na paroko wetu wa Bunda ameomba au amechelewa? Tukacheka. Alicheka huku ameshika tumbo, na lilikuwa linamuuma, namuona kabisa linamuuma, lakini anacheka. Mama wa kitanda cha jirani naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Halafu akasema la pili.

Alisema alimsikia daktari anataja advance. Akashangaa daktari amejuaje habari za mwanae. Kwetu sisi nani anasema "kidato cha tano na sita"? Tunasema yuko advance, basi. Akafumbua macho akamwambia: "Ndiyo daktari, yuko advance, anachukua sayansi, PCB, mwezi wa tano anamaliza."

Wakaangaliana. Halafu daktari akamwambia hongera mama.

Alinisimulia hivyo uso unawaka. Anajivunia! Na mimi nimekaa hapo ukingoni mwa kitanda nina mdomo, nina ulimi, nina diploma. Nikasema ndiyo, watakuwa waliona kwenye maelezo yako.

Akauliza la tatu. "Progresivu."

Nikasema, yenye maendeleo.

Akauliza, ugonjwa wenye maendeleo? Alikuwa amekunja uso kidogo. Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Nikasema: "Hali. Hali yenye maendeleo."

Hilo neno "hali" nimelichomeka mimi. Daktari hakulisema. Hayo mengine nimeyatoa kwenye kamusi, hili nimelitoa tumboni mwangu mwenyewe.

Alifumba macho akapiga ishara ya msalaba. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo: kama ni hivyo basi Naomi asije. Asikatishwe masomo, asafiri usiku na mchana kwa ajili ya mtu anayepona. Amalize mtihani wake, atamwona akirudi. Akachukua simu yangu mwenyewe akampigia matroni. Nikamsikia anaongea na Naomi, anamgombeza kidogo, anamwambia fungua hilo begi utoe nguo.

Nimekaa namwangalia. Simu yangu. Mtoto wangu.

Alhamisi, 17 Aprili. Bunda

Leo nimegombana na Alfonsi, mwalimu wa Biolojia. Nilimuuliza tu, staff room, kama kwa kupita: progressive kwenu maana yake nini? Akasema ugonjwa unaosonga mbele, haurudi nyuma. Akaniangalia. Anajua Mama Naomi amelazwa. Akasema mwalimu, kama hujamwambia, mwambie mapema.

Nikamwambia ashughulike na panzi wake kwenye chupa.

Amenimiminia chai akaniwekea mezani. Afadhali angenitukana.

Form Two wananiuliza kwa nini patient ni mgonjwa na pia ni mvumilivu. Nikasema sijui. Kweli sijui.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka. Butiama

Nilikuja huku kwa wakwe na mpango. Kwa mila zetu siwezi kukaa na mama mkwe uso kwa uso nikamwambia mwanao anakufa. Nilipanga nimwambie shemeji Keraryo, kaka yake Wegesa, yule wa machimbo ya Buhemba, yeye ndiye amfikishie mama. Hivyo ndivyo inavyofanyika. Nikaifanyia mazoezi njia nzima kutoka Bunda.

Nafika — watu wamejaa uani. Jumuiya nzima ya kanisa! Mbuzi amechinjwa. Kumbe Wegesa aliwapigia toka wodini Alhamisi, kwa simu ya mama wa kitanda cha jirani, akawaambia daktari mwenyewe amesema hali ina maendeleo. Mama mkwe, Mama Jenoveva, akawaambia jumuiya, na jumuiya ikasema Pasaka hii lazima tushukuru. Ametangaza mpaka kanisani.

Keraryo alinikumbatia. Mtu wa machimbo yule, hakumbatiagi mtu. Akaniambia shemeji, nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei za mbao. Akacheka, halafu akafuta macho na kiganja. Mbao. Alikuwa ameshafikiria jeneza, masikini, na mimi nimemtoa huko.

Nikaketishwa chini ya paa la jiko la nje na wakwe wenzangu, mbali na mama mkwe kama inavyotakiwa. Nikaletewa nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo wa mbuzi. Wakaniomba niseme neno, mkwe msomi. Nikasimama. Nikasema tunamshukuru Mungu kwa kila jambo. Watu wakaitikia amina. Mama mkwe upande ule akaanza kuimba, na sauti yake ni ya Wegesa kabisa, nilikuwa sijawahi kuligundua hilo.

Kichuri kilinishinda. Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe nikalia mpaka nikatapika. Nikanawa, nikarudi. Wakasema mkwe pole, umechoka na mambo ya hospitali.

Jumanne, 22 Aprili. Musoma

Amekonda sana kwa siku hizi chache. Nimemletea supu ya sato, amekunywa vijiko vichache akasema kitamu, akaniachia. Alikuwaga hamwachi sato hata kichwa.

Neno la leo, "stebo." Nikamwambia stable ni zizi la farasi. Akasema kwa hiyo yeye farasi. Nikasema ndiyo, farasi wangu. Akanikata jicho lile la zamani, lile la wakati namchumbia, anapima dagaa huku anajifanya hanioni.

Nilitaka nimwambie. Kweli kabisa. Nilishafungua mdomo. Akaniuliza kama Naomi akifaulu vizuri anaweza kuwa daktari, na mimi nikaufunga mdomo nikasema anaweza.

Nampenda huyu mwanamke. Sijui hata kama nimewahi kumwambia, kwa lugha yoyote.

Alhamisi, 24 Aprili. Musoma

Leo wamemruhusu. Discharge. Wegesa hilo neno analijua, limeandikwa kila mahali wodini. Akaanza kukunja kanga zake hata kabla sijafika.

Daktari alikuwa ameniambia pembeni kwamba hapa hawana cha kuongeza, akapumzike kwao Butiama karibu na mama yake, na kwamba nesi mmoja atakuja kutuelekeza dawa za maumivu. Nikamuomba huyo nesi aongee na mimi nje. Nilimuomba vizuri. Lakini alikuwa na wagonjwa wengi, akaingia moja kwa moja mpaka kitandani, mama wa makamo, mpole, amevaa sweta juu ya sare. Akashika mkono wa Wegesa. Akasema, mama, mimi natoka kitengo cha tiba shufaa.

Kiswahili! Nilikuwa nimejipanga kwa Kiingereza. Kiingereza naweza kukipinda nitakavyo. Hili neno sikuwahi kulisikia maishani.

Wegesa akatabasamu. Amesikia tiba. Akanigeukia: baba Naomi, si unaona, wana tiba nyingine. Nesi akanitazama, akaelewa kitu, akainama akaanza kueleza chupa ya dawa ya maji, kipimo chake, na kwamba asivumilie maumivu, maumivu siku hizi hayavumiliwi. Akasema tumpigie simu wakati wowote. Akaondoka.

Wegesa akaniuliza: shufaa ni nini?

Mimi nikasema sijui. Safari hii nilikuwa nasema kweli, na ndiyo iliyoniponza.

Akamuuliza mama wa kitanda cha jirani, Mwislamu wa hapa hapa mjini. Yule mama alikuwa anamenya chungwa. Akasema ah, shufaa tunalijua, shufaa ni ile ya siku ya kiyama, mtu hana tena wa kumsaidia ila kuombewa mbele ya Mungu. Alilisema kwa wema tu, huku anampa kipande cha chungwa.

Wegesa alilipokea chungwa. Akalishika mkononi. Hakulila.

Kwenye gari mpaka Butiama hakuongea. Nilimuuliza kama anasikia baridi. Hakunijibu.

Ijumaa, 25 Aprili. Butiama

Haongei na mimi. Anaongea na mama yake, anaongea na kuku, anaongea na majirani wanaokuja kumpongeza kwa kupona. Wanamletea ndizi, wanamletea maziwa. Anasema asanteni.

Mimi nikiingia, kimya.

Nimeomba ruhusa shuleni. Mkuu amenipa bila kuuliza mpaka lini. Hata yeye ameshajua.

Jumamosi, 26 Aprili. Butiama

Ameniita baada ya uji. Chumba kile kile alichokulia, bado kuna picha ya Bikira Maria ya kalenda ya zamani ukutani. Nikaketi kwenye kigoda. Akaniambia, mwalimu, tuanze upya.

Akasema, "Masi."

Nikasema, uvimbe.

"Tenda."

Unauma ukiguswa.

"Advance."

Nikaitazama ile picha ya Bikira Maria. Akasema, "Advance, Fredi."

Fredi! Tangu Naomi azaliwe hajawahi kuniita hivyo. Ni baba Naomi, au ni mwalimu akiwa ananitania. Nikahisi kama ananiita mtu wa ofisini.

Nikasema, umefika mbali.

Akauliza kwa hiyo daktari alikuwa hamsemi mtoto. Nikasema hapana. Akafikiria. Uso wake ukabadilika polepole, nikaona ndipo anaikumbuka ile asubuhi, wale vijana na makoti yao meupe wakiangaliana. Akasema:

"Nilijisifu mbele yao. Na wewe ukaniacha nijisifu."

Nikamwambia sikucheka. Akasema anajua sikucheka, afadhali ningecheka.

Akaendelea. "Progresivu." Nikamwambia ugonjwa unasonga mbele na haurudi. Nikamwambia lile neno hali niliongeza mimi. Nikamwambia kila kitu, kongosho, ini, mpaka majibu ya Mwanza yalivyoandikwa. Nilikuwa nalia, makamasi yananitoka, mwanaume mzima. Yeye hakulia. Aliniacha nimalize.

Akasema maisha yake yote ananiulizaga mimi kwa sababu ananiamini. Wenzake sokoni wakibishana juu ya kitu, yeye anasemaga subirini nikamuulize mwalimu, na mwalimu akishasema, limeisha. Hata uongo ningemwambia juu ya kitu kingine, mwanamke, chochote, angegomba halafu yangepita. Lakini huo wa maneno! Na kwa sababu ya neno langu alimfukuza mwanae njiani. Naomi alikuwa ameshafunga begi.

Nikasema nisamehe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Akasema, "Mwite mwanangu."

Nimepiga, namba ya matroni haipatikani. Nimepiga tena na tena. Wegesa amemwita mama yake ndani, wameongea kikwao, mlango umefungwa. Nilikuwa nje. Kizanaki nakielewa nusunusu, lakini leo sikuhitaji kuelewa. Nilisikia mama mkwe ametulia, halafu nikamsikia anasema jina la Wegesa tu, analirudia, kama alivyokuwa anamwita akiwa mtoto.

Alipotoka alinipita pale mlangoni. Akanishika bega. Mama mkwe amenishika bega, mila zote pembeni. Sijui hata pa kuliweka jambo hilo.

Jumapili, 27 Aprili. Butiama

Matroni hapatikani bado. Wamesema mtandao wa kule una shida.

Wegesa amekunywa dawa ya chupa, amelala mchana kutwa. Alipoamka akauliza tu, umempata? Nikasema bado. Nilikaa karibu naye akaniruhusu nimpake mafuta miguuni. Haniiti jina lolote sasa, si Fredi si baba Naomi.

Keraryo amekuja kutoka Buhemba. Ameambiwa. Alisimama uani mbele yangu, nikajua ananipiga, nikasema moyoni anipige tu. Hakunipiga. Aliuliza Wegesa anahitaji nini. Nikasema anamtaka Naomi. Akasema kama ni usafiri yeye yupo, hata leo anaondoka kumfuata.

Nimemwambia tusubiri simu.

Jumatatu, 28 Aprili. Butiama

Tumempata.

Matroni amepiga mwenyewe asubuhi, kaona namba yangu. Nikamwambia mama yake Naomi anataka kuongea na mtoto, muhimu. Wegesa akaomba tumkalishe. Keraryo akamshika mgongo, mama mkwe akamwekea mto. Alikuwa amejiandaa, alikuwa amepanga maneno yake tangu jana, nilimsikia anayanong'ona. Njoo nyumbani mwanangu, nina jambo. Maneno hayo tu.

Simu ikaenda kwa Naomi. Nimeweka spika.

Naomi wangu! Kabla mama yake hajavuta pumzi ameshaanza. Wamegawiwa namba za mtihani. Practical ya kemia ya majaribio amekuwa wa kwanza, wa kwanza kwa wasichana na wavulana. Mwalimu amemwambia akiendelea hivyo udaktari haumkosi. Ameota anamtibu mama yake sokoni katikati ya dagaa, wateja wamepanga foleni. Akacheka, na kicheko chake kikajaa kile chumba kidogo.

Nilikuwa namwangalia Wegesa. Niliona yale maneno aliyoyapanga yanamtoka usoni.

Akasema, nilitaka tu kusikia sauti yako. Akasema wameniruhusu, niko kwa bibi, nakunywa uji na maziwa ya majirani mpaka nimenenepa. Naomi akauliza, kwa hiyo mama umepona? Akasema, "Naendelea vizuri."

Keraryo alitoka nje.

Wegesa akanirudishia simu haraka. Nikazima spika, nikasema haloo mwanangu. Naomi alikuwa amebadilika sauti, chini kabisa, nadhani alijificha asisikiwe na wenzake. Akasema sauti ya mama siyo ile. Akasema:

"Baba, daktari alisema nini? Usinitafsirie. Niambie neno lenyewe la Kiingereza, nitaelewa."

Nikasema mtandao mbaya. Mungu anisamehe, sauti ilikuwa safi kama kengele. Matroni akachukua simu, akasema wanaingia darasani, wakishakula mchana atanipigia ili aongee na mimi vizuri, mtoto amesisitiza.

Basi tumegombana, mimi na Wegesa, kwa sauti za chini kwa sababu mama yake yupo uani. Nilimwambia sitafanya tena. Nilimwambia umeona nilichokufanyia wewe, halafu unataka nimfanyie mtoto? Keraryo yuko tayari, akiondoka sasa hivi keshokutwa Naomi yuko hapa, na bado atawahi mtihani. Akasema atawahi mtihani na kichwa gani? Atakaa kwenye chumba cha mtihani anaandika nini?

Nikasema mitihani ipo kila mwaka. Mama hayupo kila mwaka.

Nilimwambia hivyo usoni! Limenitoka, siwezi kulirudisha. Hakukasirika. Alinyoosha mkono akanishika kidole kimoja, hiki cha shahada, kama tulivyokuwa tunashikana zamani tukitembea barabara ya Bunda kabla hatujaoana, watu wasituone.

Akaniita baba Naomi. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Akasema, baba Naomi, atakuuliza neno. Usimfiche neno. Mwambie ni advance, mwambie ni progresivu. Halafu mpe maana ile uliyonipa mimi.

Nikamwambia huyu si wewe. Huyu anasoma Biolojia, anajua hayo maneno kuliko mimi, hawezi kukubali.

"Atakubali," akasema. "Mimi si nilikubali?"

Nimetoka, nimekaa hapa mlangoni, simu iko gotini, naandika ili mikono ipate kazi. Keraryo ameosha pikipiki, amevaa koti la safari, anasubiri niseme neno. Wanafunzi watakuwa wameshakula. Wegesa hajalala. Amegeuza kichwa upande wa mlango, ananitazama, midomo yake inatembea taratibu, ananikumbusha nitakavyosema. Hali. Hali yenye maendeleo.

Inaita. Namba ya matroni.